Peaky Blinders, Penny Dreadful, The Knick au The Terror: uanze na giza lipi?

Waulize watu wazima watano wakutajie tamthilia ya kihistoria iliyo nzito, utarudi na majina manane. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na wewe unabaki palepale na rimoti mkononi. Majina manne hayakosekani kwenye orodha hizo: Peaky Blinders, Penny Dreadful, The Knick na The Terror. Kwa mbali zinafanana. Zote zina makoti marefu, taa hafifu, damu, na onyo la umri mwanzoni. Ukizisogelea ni vitu vinne tofauti kabisa, na mtu aliyemaliza moja kwa hamu anaweza kuishindwa nyingine kabla ya episodi ya pili.

Mapendekezo mengi hupima giza kwa wingi wake: ipi ina damu zaidi, ipi inatisha zaidi. Kipimo hicho hakimsaidii mtu kuchagua. La kuuliza ni giza hilo limetengenezwa kwa kitu gani. Kuna anayevumilia kisu lakini sindano hawezi kuitazama. Kuna asiye na shida na maiti, ila mambo ya pepo hayataki ndani ya nyumba yake.

Tutazipima zote nne kwa mambo yaleyale: ndoano inayomnasa mtazamaji, aina ya giza lililomo, ukweli wa historia yake, muda na mwendo wake, kisha anayefaa kuitazama. Miisho haifichuliwi humu.

Kwanza, ilirushwa wapi?

Watazamaji wengi hawaliangalii jambo hili, na ndilo linaloeleza mengi. Tamthilia ya watu wazima huumbwa na kituo kilichoilipia.

Peaky Blinders ilianza BBC Two mwaka 2013, ikahamia BBC One mwaka 2019. Uingereza, vipindi visivyowafaa watoto haviruhusiwi hewani kabla ya saa 3 usiku wala baada ya saa 11:30 alfajiri. Baada ya saa 3 mlango uko wazi, lakini si wazi kabisa, kwa sababu hiki ni kituo cha umma kinachoingia karibu kila nyumba. Matokeo yake ni ngumi, risasi na matusi kwa wingi, na utupu kwa kiasi.

Penny Dreadful (2014 hadi 2016) ilikuwa ya Showtime kwa ushirikiano na Sky, na The Knick (2014 hadi 2015) ilikuwa ya Cinemax. Hivi ni vituo vya kulipia. Mteja anatoa pesa yake moja kwa moja na hakuna mwenye tangazo la sabuni wa kumwogopa. Ndiyo maana miili huonekana wazi humo, kitandani kwa Penny Dreadful na mezani pa upasuaji kwa The Knick.

The Terror (2018) ilitoka AMC, kituo kinachouza matangazo. Utupu na matusi yamepunguzwa, na giza likapelekwa kwingine: baridi, ugonjwa, njaa, na watu wanaokwisha polepole. Anayedhani kituo chenye matangazo hutoa kitu chepesi ataikuta ndiyo nzito kuliko zote.

Ndoano

Peaky Blinders hunasa kwa madaraka na mtindo. Ni Birmingham, mwaka 1919, mtaa wa Small Heath. Onyesho la kwanza linastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu limebeba tamthilia nzima. Thomas Shelby, mkuu wa genge, anaingia mtaani juu ya farasi, watu wanampisha na kujifungia ndani. Binti wa Kichina analetwa, anapuliza unga mwekundu usoni pa farasi, na jina la farasi linatajwa kwa sauti ili kila mtu asikie. Ni kiini macho. Shelby anataka mtaa uamini farasi amerogwa ashinde, ili watu wamwekee dau. Kwa dakika chache umeshajua kwamba huyu steringi anaogopwa, ana akili, na hafanyi kitu bila hesabu. Mtu mzima aliyechoka na mashujaa wema huvutiwa papo hapo.

Ndoano ya pili ni muziki. Wimbo wa mwanzo, Red Right Hand wa Nick Cave and the Bad Seeds, ni wa mwaka 1994, na tamthilia nzima inapigiwa magitaa ya umeme. Aliyezoea kukimbia tamthilia za kale kwa kuhofia chai, barua na posa haoni kama ameingia darasani. Ya tatu iko chini zaidi: Tommy, yaani Thomas Shelby huyohuyo, alikuwa mchimba mahandaki ya vita kule Ufaransa, na usiku husikia sururu zikigonga ukutani. Ukatili wake una chanzo, na chanzo hicho ndicho kinachowabakisha watu baada ya kofia za genge kuzoeleka. Shangazi Polly, aliyeshika biashara wanaume walipokuwa vitani, anabeba nusu ya uzito huo.

Penny Dreadful hunasa kwa dhambi. London, mwaka 1891. Wahusika kadhaa wametolewa kwenye riwaya za karne ya 19: daktari Victor Frankenstein na kiumbe chake, Dorian Gray, watu wa Dracula. Mtazamaji anawajua kwa majina, kisha anawakuta ni watu wenye aibu zao. Mizani yake iko episodi ya pili, kwenye kikao cha kuita mizimu katikati ya karamu ya matajiri. Vanessa Ives, anayeigizwa na Eva Green, anapandisha. Sauti inageuka ya mtoto, inageuka ya mwanamume, mgongo unapinda mezani, na kamera haimwachi. Hakuna zimwi la kompyuta. Ni mwigizaji mmoja, na maneno anayoyasema yanamvua nguo mwenzake mbele ya wageni. Usipotikisika hapo, usijilazimishe. Misimu yote mitatu inasimama juu ya mwanamke huyo.

The Knick hunasa kwa kazi. New York, mwaka 1900, hospitali ya Knickerbocker. Mapema katika episodi ya kwanza, mama mjamzito analazwa kwenye ukumbi wa upasuaji wenye viti vya ngazi kama uwanja. Kondo la nyuma limetangulia, yaani limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Dawa ni kumpasua haraka kabla damu haijaisha, na haraka yenyewe inahesabiwa kwa sekunde. Pampu ya kuvuta damu inazungushwa kwa mkono. Hakuna damu ya kuongezewa mtu. Makundi ya damu yalikuja kuelezwa na Karl Landsteiner mwaka uliofuata, 1901. Wanaokufa hapo hawafi kwa uzembe. Wanakufa kwa sababu ujuzi wenyewe haujafika.

Hicho ndicho kinachomshika mtu mzima, hasa anayefanya kazi ya ufundi wowote: kutazama watu hodari wakishindwa, wakirudi, wakijaribu tena. Steven Soderbergh aliongoza episodi zote 20, akashika kamera na kuhariri mwenyewe kwa majina ya bandia, Peter Andrews na Mary Ann Bernard. Kamera imeshikwa mkononi, mwanga ni wa dirisha na balbu zilizomo chumbani, na muziki wa Cliff Martinez ni wa vinanda vya umeme. Hakuna fidla ya kukuambia sasa huzunika.

The Terror inageuza ndoano juu chini. Inakuambia mwanzoni kabisa kwamba meli mbili za kivita za Uingereza, Erebus na Terror, ziliingia barafu ya kaskazini mwa Kanada na watu wake hawakuonekana tena. Swali halibaki kama watapona, linabaki watafikishwaje huko. Kila uamuzi mdogo wa kapteni unatazamwa kwa roho mkononi: geuka sasa au sogea mbele kidogo? Nje kuna kiumbe kinachowinda. Ndani kuna mikebe ya chakula iliyofungwa vibaya. Inatisha zaidi mikebe.

Aina ya giza

Hapa ndipo watu hukosea kuchagua, kwa hiyo tuseme wazi utakachokiona.

Peaky Blinders: vipigo, wembe usoni, risasi, mateso ya kuulizwa maswali, matusi mfululizo, sigara na wiski bila kikomo. Maonyesho ya kitandani yapo ila si mengi. Msimu wa tatu unagusa unyanyasaji wa watoto uliofanywa na padri. Hatari yake nyingine ni laini zaidi: ukatili umepambwa. Mwendo wa polepole, suti safi na gitaa humfanya muuaji avutie, na tamthilia yenyewe huwa haina uhakika kama inamlaumu au inampigia makofi.

Penny Dreadful: utupu, mapenzi, damu ya kutosha kuchovya shuka, pepo, ibada za kufukuza pepo, wachawi. Episodi ya tano ya msimu wa kwanza inaonyesha matibabu ya hospitali ya vichaa ya enzi hizo, na ni ngumu kuliko zimwi lolote lililomo. Kwa mtu ambaye mambo ya shetani ni suala la imani na si burudani, hii ndiyo ya kuiacha. Haichezei jambo hilo kwa utani. Inalichukua kwa uzito, na ndiyo maana inaumiza.

The Knick: ngozi inakatwa mbele yako. Utumbo, pua iliyoliwa na kaswende, sindano ya kokeini inayotafuta mshipa mahali pa kujificha. Halafu lipo giza ambalo watu hawalitegemei, la ubaguzi. Daktari Algernon Edwards, Mmarekani mweusi aliyesomea Ulaya, ana ujuzi unaowazidi wengi pale, na bado anapangiwa kazi za chini huku akitukanwa usoni. Msimu wa pili unaingia kwenye kuwafunga watu uzazi kwa lazima kwa kisingizio cha kuboresha kizazi. Anayeangalia kwa sababu ya upasuaji hutoka amechafuliwa roho na haya mengine.

The Terror: kukatwa viungo, kuchapwa viboko, upasuaji wa maiti, na mwishoni kula nyama ya binadamu. Kuna jambo moja la kitabibu ambalo tamthilia imelitumia vizuri mno. Kiseyeye hutokana na kukosa vitamini C, ambayo mwili huihitaji kutengeneza nyuzi zinazoshikilia ngozi na misuli. Kovu si kitu kilichokwisha kazi. Mwili hulifanyia ukarabati maisha yote. Vitamini ikikosekana, ukarabati unasimama na majeraha ya zamani yanafumuka. Kwa hiyo kapteni James Fitzjames, aliyepigwa risasi kwenye vita vya China mwaka 1842, anaanza kuvuja damu pale palipopona miaka mingi nyuma. Hapo zimwi hahitajiki.

Historia ni kweli kiasi gani?

Wengi huingia kwenye tamthilia hizi wakidhani wanajifunza. Inategemea ipi.

Peaky Blinders ina genge la kweli na familia ya kubuni. Genge lenye jina hilo lilitamba Birmingham mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Kufikia 1919, tamthilia inapoanza, lilikuwa limeshafifia. Akina Shelby hawakuwahi kuwepo. Wembe ambao kwenye tamthilia umeshonwa kwenye kofia zao una mashaka makubwa: mwanahistoria Carl Chinn wa Birmingham ameeleza kuwa nyembe za kutupa zilikuwa ghali na ngeni kwa vijana maskini wa wakati huo. Oswald Mosley anayeingia msimu wa tano alikuwa mtu wa kweli, mbunge wa chama cha Labour mwaka 1929 aliyekuja kuanzisha chama cha Kifashisti mwaka 1932. Ichukue kama hadithi iliyovaa nguo za historia, usiichukue kama kumbukumbu.

Penny Dreadful haidai ukweli, na hilo linaipa uhuru. Frankenstein ni ya 1818 na Dracula ni ya 1897, lakini watu wake wanakutana sebule moja mwaka 1891. Ukumbi wa maigizo ya kutisha wa Grand Guignol, ambao kwenye tamthilia uko London, kwa kweli ulifunguliwa Paris mwaka 1897. Hata hivyo mazingira hayajatungwa hewani. Vikao vya kuita mizimu vilikuwa fasheni kweli kwa matajiri wa London, na chama cha wasomi cha kuchunguza mambo hayo kilianzishwa mjini humo mwaka 1882.

The Knick ndiyo yenye ustadi wa kukunja miaka. Daktari John Thackery, steringi wake, ni wa kubuni, lakini nyuma yake yuko William Halsted, daktari mpasuaji mkubwa wa Marekani aliyejaribu kokeini kama ganzi katika miaka ya 1880 na kubaki mtumwa wa dawa za kulevya. Kokeini ilikuwa halali. Sheria ya Marekani iliyoibana ilikuja 1914. Mary Mallon, mpishi aliyesambaza homa ya matumbo bila yeye kuumwa, aligunduliwa kwa uchunguzi wa 1906 na 1907, tamthilia imemvuta nyuma. Henry Cotton, aliyewang'oa wagonjwa wa akili meno akidhani anaondoa chanzo cha wazimu, alipewa hospitali yake New Jersey mwaka 1907, naye amevutwa. Ghasia za kibaguzi za New York, zile za Agosti 1900, ziko mahali pake. Kwa hiyo matukio mengi ni ya kweli, mpangilio wa tarehe ndio wa kubuni. Hospitali ya Knickerbocker nayo ilikuwepo, ila ilikuwa Harlem.

The Terror ina mifupa ya kweli, kwa maana zote mbili. Msafara wa Sir John Franklin uliondoka Uingereza Mei 1845 kutafuta njia ya bahari ya kaskazini. Watu 129 waliingia kwenye barafu, meli zikanaswa Septemba 1846, Franklin akafa 11 Juni 1847, na Aprili 1848 waliobaki, watu 105 chini ya Francis Crozier, waliziacha meli na kuanza kutembea. Tarehe hizi zinajulikana kwa sababu ya karatasi moja waliyoiacha kwenye rundo la mawe katika kisiwa cha King William. Wainuiti, wenyeji wa huko, walieleza mapema kwamba mabaharia walikula wenzao. John Rae, mpelelezi wa nchi za kaskazini, alipopeleka habari hiyo Uingereza mwaka 1854 alishambuliwa kwa kuamini maneno ya wenyeji. Mifupa yenye alama za visu ilikuja kuwapa Wainuiti haki yao. Erebus ilipatikana chini ya bahari mwaka 2014 na Terror mwaka 2016. Kiumbe anayewinda ni wa kubuni, ametoka kwenye riwaya ya Dan Simmons ya 2007. Sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye mikebe, ambayo tamthilia inaitegemea, bado inabishaniwa na watafiti.

Muda na mwendo

Peaky Blinders ina misimu 6 yenye episodi 6 kila mmoja, jumla 36, kila moja karibu saa nzima. Mwendo ni wa haraka. Pa kuchokea ni katikati: adui mpya anakuja, ni mkubwa kuliko wa jana, Tommy ana mpango ambao hajauambia mtu. Ukiona mkondo huo msimu wa tatu na ukakereka, jua hautabadilika. Misimu ilifungwa 2022.

Penny Dreadful ina episodi 27: nane, kumi, kisha tisa. Inakwenda taratibu na kuongea sana, kwa Kiingereza cha kishairi. Watu hukatia tamaa episodi ya tatu na ya nne, nyuzi zinapokuwa nyingi na hazijaungana. Msimu wa tatu uliisha ghafla kuliko mashabiki walivyotegemea, maana haukuwa umetangazwa kuwa wa mwisho. Ni mwisho wa mwandishi mwenyewe, John Logan, lakini unaharakishwa.

The Knick, episodi 20. Haichoshi, anayeiacha huiacha kwa kichefuchefu. Msimu wa tatu haukutengenezwa, ila habari ya Thackery inafika ukingoni, hivyo huachwi hewani.

The Terror, msimu wa kwanza, episodi 10 tu. Ni hadithi iliyokamilika. Msimu wa pili wa 2019 ni hadithi nyingine kabisa, ya Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na unaweza kuuacha bila kupungukiwa kitu. Ugumu wa msimu wa kwanza ni nyuso: wanaume wengi, ndevu, makoti yaleyale, majina ya Kiingereza yanayopishana. Shika watu watano tu mwanzoni, yaani makapteni Franklin, Crozier na Fitzjames, daktari Goodsir, na baharia Hickey. Wengine watajitambulisha wenyewe.

Kabla hujalaumu giza la picha

Malalamiko ya "sioni kitu" huja sana kwa The Knick na The Terror, na mara nyingi kosa si la tamthilia. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye mpangilio wa rangi kali uliokusudiwa kung'ara dukani. Mpangilio huo huongeza weupe na kumeza maelezo ya kwenye kivuli, ukabaki na weusi mtupu. Weka mpangilio wa picha unaoitwa Cinema, Movie au Filmmaker. Zima kipengele cha kulainisha miondoko, kinachofanya filamu ionekane kama mchezo wa kuigiza wa bei rahisi. Zima pia kihisi cha kuokoa umeme, maana hupunguza mwanga wa skrini chumba kikiwa na giza, wakati uleule unaouhitaji. Taa iwe nyuma ya runinga, isiwe nyuma yako.

Ukiona miraba miraba inatetemeka kwenye anga la usiku au kwenye ukungu, hiyo ni intaneti. Mtandao ukiwa dhaifu, programu hubana picha, na sehemu za giza ndizo za kwanza kuharibika. Pakua episodi kwa ubora wa juu kuliko kuitazama ikikwamakwama.

Masikio nayo yajiandae. Lafudhi ya Birmingham na ya Kiayalandi kwenye Peaky Blinders huwashinda hata Wamarekani, kwa hiyo washa maandishi ya chini bila aibu. The Terror ina Kiinuktitut, lugha ya Wainuiti, na maandishi hayo ni sehemu ya hadithi. Penny Dreadful sikiliza kwa spika nzuri au vipokea sauti, kwa sababu nusu ya hofu iko kwenye minong'ono.

Nani anafaa nini

Peaky Blinders inamfaa anayependa familia zinazopanda, hila za biashara na mazungumzo makali. Haimfai anayetaka kuona haki ikitendeka. Penny Dreadful inamfaa msomaji wa riwaya na mpenda uigizaji mkubwa. Anayetaka hadithi ikimbie ataisinzia. The Knick inamfaa anayefurahia kuona kitu kinavyofanywa, na mwenye tumbo gumu. The Terror inamfaa mvumilivu, anayependa kuwaona watu wakijulikana kwa kile wanachofanya wakati hakuna tena wa kuwaona.

Kwa hali yako

Una siku chache za mapumziko na unataka kuanza na kumaliza: The Terror, episodi mbili kila jioni, siku tano. Usizimeze zote kwa mkupuo, inalemea.

Unatazama na mwenzako asiyependa mambo ya kale: Peaky Blinders, episodi mbili za kwanza. Zikishindwa hizo, zile tatu nyingine hazina nafasi kwake.

Sebule yako inapitwa na watoto au wazee: hakuna hata moja kati ya hizi iliyo salama. The Terror ndiyo yenye utupu kidogo zaidi, lakini maiti zake mtoto hatazisahau. Subiri walale.

Damu inakuangusha: iache The Knick. Ya Penny Dreadful ni nyingi lakini ina rangi ya jukwaani, macho huizoea. Ya Peaky Blinders hupita haraka.

Nyumbani kuna mgonjwa, au mmetoka msibani: The Knick na The Terror ziache kwa sasa. Zote mbili zinaonyesha kufa kwa undani, na hazifariji.

Unataka kutazama huku ukisoma historia pembeni: The Knick au The Terror. Kwa The Terror, soma habari za msafara baada ya kumaliza, maana hatima ya maofisa wakubwa iko kila mahali kwenye maandiko. Kwa The Knick soma wakati wowote, tarehe zimehamishwa kiasi kwamba hutaharibiwa kitu.

Umemaliza Peaky Blinders na hujui uendako: jiulize ulikuwa ukingojea nini. Kama ni Polly na wanawake wa nyumba ile, nenda Penny Dreadful. Kama ni Tommy akiwa peke yake usiku na sururu zake ukutani, nenda The Knick. Thackery ana akili ileile na shimo lilelile. Kama ni vita na wanaume waliozoea amri, nenda The Terror.

Na kama umejaribu moja na huna uhakika uendelee, pima kwa mahali hasa. Penny Dreadful, ukimaliza kikao cha mizimu cha episodi ya pili. The Knick, upasuaji wa kwanza kabisa. Peaky Blinders, mwisho wa episodi ya pili. The Terror ipe mpaka mwisho wa episodi ya tatu, maana kabla ya hapo barafu bado inajipanga.